Sikukuita Wewe

Mbwa wote wa mtaa ule walitulia mikononi mwa Mama Tulia, isipokuwa wa kwake mwenyewe.

Na watu walimletea mbwa wa kila tabia. Mwenye duka la dawa alileta jibwa lake lililokuwa likiwarukia wageni kifuani, mpaka wateja wakawa wanaagiza dawa wakiwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu wa hesabu alimleta jike wake ambaye radi ikipiga alijibana nyuma ya choo, akatetemeka hadi ndoo zikagongana. Mama Tulia hakupiga wala hakupayuka. Yule mrukaji alimgeuzia mgongo tu, akangoja miguu yote minne iguse chini ndipo amkune kifua. Yule mwoga alimwekea ngurumo kwenye simu, chini kabisa, sauti ndogo kuliko pumzi, na kila ngurumo ilipopita mbwa alipata kipande cha ini kavu kutoka mfuko wa aproni. Kesho yake sauti ikapanda kidogo. Kidogo kidogo, na kitamu juu yake. Huo ndio uliokuwa uganga wake wote. Neno lake lilikuwa "tulia," alilolisema kwa sauti ya chini, iliyonyooka, na ndilo lililompa jina.

Kitu kimoja kilimpandisha hasira, nacho ni wenye mbwa waliokuja na "mara moja tu." Nilimwacha aruke mara moja tu, Mama Tulia, alikuwa na furaha.

"Mbwa haharibiwi na mara mia," aliwaambia. "Anaharibiwa na hiyo mara moja yako."

Wa kwake aliitwa Soksi, mweusi mwenye miguu myeupe. Kusema kweli hakuwa wake, alikuwa wa binti yake. Binti huyo baba yake, ambaye ni seremala, alimpachika jina la Pengo tangu jino la mbele lilipong'oka na jipya likakataa kuota. Kupitia tundu lile mtoto alijifunza kupiga mluzi mwembamba wenye pumzi nyingi, mluzi ambao hakuna mwingine aliyeweza kuuiga. Alimfundisha Soksi mchezo mmoja tu. Alimwambia, "Sema!" na Soksi akabweka, naye Pengo akacheka hadi akashika mbavu. Mama yake alilalamika kwamba yeye anafundisha mbwa kunyamaza na mtoto anawafundisha kelele. Ilikuwa kazi bure, maana mtoto hakumsikia kwa kicheko.

Kisha msimu wa mvua ulikuja na homa, na homa ikamchukua Pengo. Siku ya maziko watu walipeana mikono wakisema, kama watu wasemavyo bila kufikiri, "Ameacha pengo." Seremala alisikia neno hilo mara ya kwanza akavumilia, mara ya pili akatoka nyumbani kwake mwenyewe, akaenda kukaa karakanani juu ya lundo la maranda mpaka wageni wakaisha.

Tangu hapo, kila jua lilipoanza kuzama, Soksi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha mtoto, mwisho wa ukumbi, akabweka. Hakubweka kama mbwa aliyemwona paka. Alibweka miguu imekaza, manyoya ya mgongo yamesimama, macho kwenye ule ufa wa chini ya mlango, na hakunyamaza mpaka giza lilipokuwa kamili. Mlango ulikuwa umefungwa, na chumba kilikuwa na kitanda, viatu na hewa tu.

Majirani hawakukosa neno. "Mama Tulia, ndiyo kinyozi hajinyoi?" Alicheka nao, lakini moyoni aliona haya. Na zaidi ya haya, kelele zile zilikuwa zikimtonesha mumewe. Jioni moja Seremala alitupa randa chini, akaja mlangoni na vumbi la mbao usoni.

"Mke wangu, mnyamazishe," alisema. "Kila akibweka naona kama anamwita."

Basi Mama Tulia akaanza kumfundisha Soksi. Alitandika mkeka mdogo mwanzo wa ukumbi, mbali na mlango, akamlaza Soksi hapo. Yeye mwenyewe akaenda kukaa chini mwisho wa ukumbi, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa Pengo, ini limo mfukoni mwa aproni. Katika kazi yake alikuwa na neno la kumsogeza mbwa kuelekea kitu anachokiogopa, na neno hilo lilikuwa "karibu." Karibu, mbwa ajongee kidogo. Asipobweka, apate ini. Akibweka, arudi mkekani, waanze upya. Kila jioni jua likizama, Mama Tulia alikaa pale, mgongo mlangoni, akasema kwa sauti yake ya chini iliyonyooka, "Karibu, Soksi. Karibu. Karibu, mwanangu." Mbwa wote aliwaita wanangu, ilikuwa mazoea yake hata kabla hajazaa.

Ilifika jioni Soksi alisogea mpaka mlangoni, akalala, akaweka kidevu juu ya miguu yake myeupe. Kimya. Seremala aliyekuwa akichungulia alipiga makofi taratibu, na Mama Tulia akahisi fahari, kitu ambacho hakukihisi tangu maziko. Akataka kuinuka aende kukunja mkeka.

Nyuma ya mlango mtu akapiga mluzi.

Ulikuwa mluzi hafifu mno, mwembamba, wenye pumzi nyingi, kama upepo unaopita tundu la jino. Soksi hakuinua kichwa. Alimtazama tu Mama Tulia, akingoja. Na mkono wa Mama Tulia, kwa mazoea ya mkono, uliingia mfukoni ukampa ini.

"Umesikia?" Seremala alinong'ona.

"Nimesikia."

Walisimama kama watu walioona ndege katua dirishani na wanaogopa kumshtua.

Kesho yake mluzi ulirudi, mkubwa kidogo. Siku zilizofuata ulikuja na harufu ya mafuta ya nazi aliyopakwa Pengo kichwani, na Mama Tulia alipoinusa alilia vizuri, kilio cha kupumzika. Seremala usiku ule alikula sahani nzima ya chakula. Alimtania mkewe kwamba chumvi imemponyoka, naye mke akasahau hata kujibu kwa jinsi alivyofurahi kutaniwa. Baadaye kitasa kikaanza kuinama. Seremala alikuwa amekipachika kitasa cha mlango ule chini kuliko milango mingine yote, mahali mtoto anapofikia, na jioni moja kitasa kile kiliinama polepole kama kilivyokuwa kikiinama zamani, mlango ukafunguka upana wa vidole. Hawakuogopa. Au tuseme waliogopa, lakini jana yake waliogopa zaidi, na juzi zaidi ya jana.

Ndipo Seremala akaanza kuingia. Alikaa humo tangu jua linapozama hadi giza, akatoka anatabasamu.

Sasa kwa yeyote aliyefundisha mbwa miaka mingi, jicho haliachi kazi hata moyo ukiwa likizo. Mama Tulia aliona Soksi akipiga miayo ilhali hana usingizi. Aliona anaramba midomo bila chakula, na weupe wa jicho lake ukionekana pembeni kama mwezi mwembamba. Alizijua dalili zile. Yuko mbwa aliyetulia, na yuko mbwa aliyekata tamaa, na kwa mgeni wawili hao wanafanana. Soksi hakuwa ametulia hata kidogo. Alikuwa ameambiwa kwa muda mrefu kwamba woga wake hauna maana, akaamua kuogopa kimyakimya.

Kisha akamtazama mumewe. Seremala alikuwa amekonda hadi mkanda ukatobolewa tundu jipya. Mikono yake ilikuwa baridi hata mbele ya jiko. Mwenye duka la dawa alirudisha meza aliyotengenezewa, maana miguu ya meza haikulingana, na Seremala alipoulizwa aliishika patasi akaigeuzageuza, akasema, "Nitairekebisha kwa hii... hii..." Jina la patasi, kitu alichokishika tangu ujana, lilikuwa limemtoka.

Jioni ile Mama Tulia aliamua kuchungulia. Alivua ndala, akatembea ukumbini kwa vidole vya miguu, akampita Soksi aliyelala mlangoni akitetemeka bila sauti, akaweka jicho penye upenyo, na ndani, katika mwanga ule wa machweo unaofanya kila kitu kiwe na rangi ya kutu, alimwona mumewe amekaa kwenye kitanda kidogo magoti yakiwa juu, mkono mmoja ameuzungusha hewani kama anayemkumbatia mtoto begani, akiuliza kwa upole, "Unasikia baridi, mwanangu? Baridi? Mama anakuja, ngoja mama aje," na harufu ya mafuta ya nazi ilikuwa nzito kiasi cha kukaba koo, lakini chini yake ilikuwapo harufu nyingine, ya udongo mbichi uliochimbuliwa asubuhi, na shuka kando ya mumewe, ambako hapakuwa na mtu, lilikuwa limebonyea, na kule kwenye bonde la shuka ikatoka sauti. "Karibu," ilisema. "Karibu. Tulia." Koo lilikuwa la Pengo, lakini namna ya kusema, ile sauti ya chini, ule unyoofu wa kumwongoza mnyama mwoga hatua kwa hatua kuelekea anachokiogopa, haikuwa ya mtoto yeyote. Ilikuwa ya Mama Tulia.

Alirudi jikoni akakaa sakafuni. Mluzi hafifu kwanza. Kisha mkubwa kidogo. Kisha harufu tamu, kisha mlango. Kidogo kidogo, na kitamu juu yake. Aliijua njia ile kwa sababu ni ya kwake, na sasa aliiona akiwa upande wa mbwa.

Asubuhi alikwenda kwa fundi cherehani mmoja aliyeitwa Mama Sindano. Mbele ya duka alishona sare na mapazia, na kwa mlango wa nyuma watu walimfuata kwa mambo ya majini. Walifahamiana, kwani Mama Tulia alishawahi kumtulizia kijibwa chake chenye wivu kilichokuwa kikiuma visigino vya wateja. Alimweleza yote kwa kunong'ona, huku cherehani ikiendelea kulia.

"Mbwa alikuwa akibweka?" Mama Sindano aliuliza.

"Kila jioni."

"Na sasa?"

"Nilimtuliza."

Mguu wa Mama Sindano ukasimama juu ya pedali. "Ulimtulizaje?"

"Kwa ini. Na kwa neno."

"Neno gani, mwenzangu?"

"Karibu."

Mama Sindano alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Jua linazama," alisema taratibu, "umeegemea mlango wa chumba cha marehemu, na unasema, karibu mwanangu?"

"Nilikuwa nikimwambia mbwa!"

"Wewe ulijua hivyo. Aliyekuwa nyuma yako angejuaje?"

Mama Tulia akafunika uso kwa kanga.

"Sikiliza," alisema Mama Sindano, na sauti yake ikawa ya huruma. "Viko vitu havina kwao. Vinapita penye milango yetu kila jioni, vinasikiliza penye msiba. Mbwa wako alikuwa anakiambia pita, hapa pana mwenyewe. Ukamnyamazisha. Kisha ukakikaribisha, na ukakifundisha namna ya kuja. Kinamla mumeo. Akiisha, utafuata wewe."

"Na kama ni yeye?" Sauti ilitoka ndogo sana. "Kama ni mwanangu kweli, Mama Sindano?"

Mama Sindano hakucheka wala hakuudhika. "Mluzi na harufu kimeviokota chumbani mle, lakini maneno kinajua yale tu yaliyosemwa hapo tangu maziko. Kiulize kitu ambacho mtoto wako alikijua, nanyi hamkukitaja hapo. Ukiona siye, mwambie hukumwita. Mimi nitakuja, lakini kwa mgeni aliyeingia kwa karibu, ubani wangu hautoshi. Lazima aliyemkaribisha amwondoe. Na mbwa abweke."

Jioni walisimama ukumbini, Mama Sindano akiwa na chetezo cha ubani unaofuka. Seremala aliwaona, akaelewa, akajitandaza mlangoni na mikono yake myembamba.

"Mke wangu, nakuomba. Hana ubaya. Ananipigia mluzi tu."

"Nataka kumuuliza neno moja," alisema Mama Tulia. "Akilijua, nitaingia nikae nanyi humo mpaka mwisho wetu. Naapa."

Seremala akasogea kidogo. Kitasa cha chini kikainama, mlango ukafunguka, harufu ya mafuta ikawapiga usoni.

"Pengo," aliita. Hakuwa amelitamka jina lile tangu maziko. "Pengo, mama, ulikuwa ukimwambia Soksi nini ili abweke?"

Kimya. Hata mluzi ulikatika.

"Neno gani, mwanangu? Moja tu. Ulilisema kila siku."

"Tulia," sauti ikajibu ndani.

"Silo."

"Karibu. Karibu, mwanangu." Na safari hii haikujisumbua hata kuvaa koo la mtoto. Ilikuwa sauti ya Mama Tulia mwenyewe, ikitoka gizani, ikimwita Mama Tulia. Seremala aliisikia, akateleza ukutani mpaka chini.

"Sikukuita wewe," alisema Mama Tulia. "Nilimwita mbwa."

Hapo kikalia. Kililia kwa sauti ya Pengo, ile ya usiku wa homa, "Baridi. Mama. Baridi," na mama yule, aliyejua neno lile limetoka wapi, aliyemsikia mumewe akilifundisha kwa kinywa chake, bado miguu yake ilitaka kukimbilia ndani, bado maziwa yaliyokauka miaka mingi yaliuma kifuani, akashika ukuta kwa mikono miwili na kusema huku machozi na kamasi vikichanganyika, "Sikukuita wewe, nenda, mimi mwanangu nimemzika, mwanangu alikuwa anacheka, sikukuita, sikukuita wewe." Kisha akamgeukia Soksi aliyelala amejikunja, akasema neno la mwenye mbwa.

"Sema!"

Soksi akainua masikio. Alitazama mlango, akamtazama yeye, kwa maana neno hilo hakulisikia tangu mtoto alipolala kitandani kuugua. Mkia ukatikisika. Akasimama, miguu ikakaza, akabweka, akabweka tena, akabweka kama anayelipia kimya cha jioni zote zile. Mama Sindano akasukuma ubani ndani. Kitasa kikaruka juu kwa kishindo, na kitu baridi kikawapita ukumbini kuelekea nje, na Mama Tulia alikihisi kikimgusa kiunoni, pale pale kichwa cha Pengo kilipokuwa kikifika.

Walipotulia, Seremala alikuwa bado chini.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema.

Maisha yakarudi, kama yanavyorudi hata usipoyataka. Soksi alibweka kila machweo, na Mama Tulia alimpa ini kwa kila bweko. Majirani wakacheka tena, eti mtuliza mbwa analisha mbwa wake ili apige kelele. Seremala alinenepa kidogo. Majina ya vifaa yalimrudia. Habari ya chumba hakuigusa, na mkewe hakumlaumu, maana mumewe alikuwa amemzika mtoto mara mbili na wote wawili walijua ni nani aliyeamuru ya pili.

Alasiri moja Mama Tulia alikuwa uani akifua. Alipogeuza mfuko wa suruali ya mumewe yalimwagika maranda, kama kawaida. Kati ya maranda palikuwa na vipande vya ini kavu.

Akavitazama. Mumewe hakuweza hata kupita karibu na aproni yake. Harufu ile ilimtapisha tangu walipooana. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa. Alisikiliza, na kitu alichokisikia ni kwamba Soksi habweki.

Ndani ya nyumba sauti ya mwanamume ilikuwa ikisema, chini, imenyooka, vizuri kuliko alivyowahi kusema mwenye mbwa yeyote aliyemfundisha, "Karibu, Soksi. Karibu. Karibu, mwanangu."

Alikimbia na povu mikononi. Seremala alikuwa amekaa mwisho wa ukumbi, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa Pengo. Soksi alikuwa mbele yake, amelala, anaramba midomo. Mumewe akainua uso uliolowa.

"Mara moja tu," alisema. "Mke wangu. Mara moja tu."

Neno la Pengo lilikuwa tayari ulimini mwake. Soksi alimgeukia, akalingoja. Nyuma ya mlango, hafifu kuliko pumzi, ukapita mluzi mwembamba wa tundu la jino, na Mama Tulia alifumba macho ili ausikie vizuri.

Alipoyafumbua, mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa aproni, ukatoka na kipande cha ini, na Soksi akakichukua.